Ramani ya "akili za mataifa" inasema Tanzania tuna IQ 72. Nani alitupima, lini, na kwa swali gani?

#1 Kitwana_wa_Pangani (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Jana kwenye kundi letu la WhatsApp la kazini jamaa mmoja karusha ramani ya dunia iliyopakwa rangi. Ulaya na Asia ya Mashariki bluu imekolea, Afrika nyekundu tupu. Chini yake wastani wa IQ (alama ya kipimo cha akili) wa kila nchi: Tanzania 72, Kenya 72, Uganda 73. Watu wakacheka, mmoja akaandika "ndiyo maana foleni haziishi", kisha mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Mimi sikulala vizuri. Nina miaka 41. Sensa nimehesabiwa, malaria nimepimwa, chandarua nimepewa, ila sijawahi kumwona mtu akipita nyumba kwa nyumba anapima akili. Hiyo 72 ilitoka wapi? Na hivi kweli mvuvi wa Pangani na karani wa London unaweza kuwaweka kwenye mzani mmoja? Wajuzi tiririkeni, wenye matusi piteni kimyakimya.

#2 Kashata_Tamu
Nimewahi kiti cha mbele. Kahawa ya leo juu yangu.

#3 Mwl_Hesabu
Mkuu, kabla hujauliza imetoka wapi, ipige hesabu kwanza uone kama inasimama. Vipimo hivi hupangwa ili wastani uwe 100 na mtawanyiko, yaani umbali wa kawaida wa alama za watu kutoka kwenye wastani, uwe 15. Mtu akiwa chini ya 70 ndipo wataalamu wanaanza kuuliza kama ana ulemavu wa akili. Sasa wastani wa nchi ukiwa 72, maana yake watu kama 45 katika kila 100 wako chini ya hapo.

Panda daladala yenye abiria 30. Kwa mujibu wa ramani, 13 au 14 humo ndani ni wa kushikwa mkono kuvuka barabara, na huenda konda ni mmoja wao. Konda huyohuyo anayekumbuka nani kalipa, nani anashuka wapi, nani anamdai chenji, vyote kichwani, huku ananing'inia mlangoni.

#4 Ukweli_Mchungu
Uzi mzuri, ila tuweke hisia pembeni. Namba hizo zinatokana na kitabu cha mwaka 2002 cha Richard Lynn na Tatu Vanhanen. Walikusanya matokeo ya vipimo vilivyofanywa na watu wengine nchi mbalimbali, hawakuota ndoto. Na akili inarithiwa, tusidanganyane. Utafiti wa Minnesota wa mapacha waliolelewa mbalimbali, alioongoza Thomas Bouchard, ulipotolewa mwaka 1990 ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya tofauti za IQ inafuata urithi. Huyo konda ni mfano wa mtu mmoja. Mfano wa mtu mmoja si takwimu.

#5 Mbeba_Maboksi_Utrecht
@Ukweli_Mchungu, nusu umesema, nusu umeiacha mezani. Kitabu kina nchi 185. Zilizokuwa na data ya aina yoyote zilikuwa 81. Zilizobaki walikadiria kwa kuangalia majirani. El Salvador haikupimwa: walichukua 79 ya Guatemala na 88 ya Colombia, wakagawa kwa mbili, wakaandika 84. Guinea ya Ikweta waliyoipa 59, chanzo chake kilikuwa watoto wenye matatizo ya ukuaji waliokuwa Hispania. Hispania, wakuu, siyo Malabo.

Huku Uholanzi kina Wicherts, Dolan na van der Maas walipitia upya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara wakazichapisha mwaka 2010. Walipata wastani kama 82 pale ambapo Lynn alikuwa anaandika chini ya 70. Kwa sehemu kubwa tofauti ilitokana na sampuli zipi unaziingiza na zipi unazitupa. Na hata hiyo 82 wenyewe waliitilia shaka, kwamba haijulikani kama kipimo kinapima kitu kilekile huko kinachokipima Ulaya.

#6 Kashata_Tamu
Kumbe unaweza kupimwa kwa jirani! Mimi jirani yangu ni profesa, niandikieni 140.

#7 Senene_Mkavu
Mimi jirani yangu kushoto ana baa, kulia ana kanisa la kukesha. Nigawieni kwa mbili.

#8 Babu_Loliondo_Siyo
Tatizo ni huyo Mfaransa Binet aliyevumbua IQ ili Wazungu wajione bora. Tangu mwanzo nia ilikuwa mbaya.

#9 Mwl_Hesabu
#8 hapana. Binet tumtendee haki. Mwaka 1905 yeye na Simon walitengeneza maswali kwa ajili ya shule za Paris, ili watoto wanaoachwa nyuma darasani wajulikane wasaidiwe badala ya kufukuzwa. Hakuamini kwamba akili ni jiwe lisilobadilika, tena aliwapinga waziwazi waliosema hivyo. Neno lenyewe la IQ ni la Mjerumani William Stern, 1912: chukua umri wa akili, gawa kwa umri wa miaka. Binet alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Terman wa Stanford ndiye aliyezidisha kwa 100 na kukisambaza kipimo Marekani mwaka 1916.

Uharibifu ulianza kilipovuka bahari. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani, mwanasaikolojia Robert Yerkes alipima wanajeshi milioni mbili. Wasiojua kusoma walipewa picha: uwanja wa tenisi usio na wavu, sema kinachokosekana. Umetoka jana kijijini Sicily, tenisi umeionea wapi?

#10 Mbeba_Maboksi_Utrecht
Mwalimu, ni kama milioni 1.7, mbili hawakufika. Ila nyongeza tamu: wahamiaji waliokaa Marekani miaka mingi walipata alama za juu kuliko waliofika karibuni. Mtu mwenye macho angesema kipimo kinapima uenyeji. Mwanasaikolojia Carl Brigham, katika kitabu chake cha 1923 kuhusu alama hizo, akasema hapana, wanaokuja siku hizi ni wa mbegu duni. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kubana wahamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya. Mwaka 1930 Brigham akaandika kwamba hitimisho lake halikuwa na msingi. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

#11 Wakili_Msomi_wa_Kinondoni
Sheria ile ingepita hata bila vipimo. Chuki dhidi ya wahamiaji ilikuwepo miaka mingi kabla. Msiipe karatasi ya maswali nguvu ambayo haikuwa nayo.

#12 Bint_Mtoni
Nami nichangie la kwangu. Mwaka niliomaliza chuo niliitwa usaili kwenye kampuni moja kubwa (jina kapuni). Tukafika, tukapewa kompyuta: maumbo manane kwenye visanduku tisa, la tisa halipo, chagua linalofaa. Dakika 20. Sikuwahi kuona kitu hicho maishani. Swali la kwanza nilikaa dakika tatu nikidhani natakiwa kuchora. Nikaanguka vibaya, nikarudi nyumbani nalia, nikajiona mjinga.

Baada ya miezi mitatu nikaitwa kwingine, kipimo cha jamii ileile. Safari hii nilikuwa nimekaa na binamu yangu wikiendi mbili akinionyesha: angalia mstari, angalia nguzo, hesabu nukta, zungusha. Nikapita juu kabisa. Sikuongezewa ubongo ndani ya miezi mitatu. Niliongezewa binamu.

#13 Kashata_Tamu
"Niliongezewa binamu" 😂😂 naiba hii.

#14 Mbeba_Maboksi_Utrecht
Bint, lako limefanyiwa utafiti Bagamoyo kabisa. Wanasaikolojia kina Sternberg na Grigorenko waliwapima watoto wa shule za msingi vijijini, wakawafundisha kwa chini ya saa moja namna ya kushughulika na maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zikapanda. Ulichapishwa mwaka 2002.

#15 Waya_wa_Tunduma
Mimi niko mpakani, nusu Mzambia nusu Mtanzania. Kuna mtafiti Robert Serpell aliyekaa sana Zambia. Mwaka 1979 alitoa matokeo ya watoto wa Zambia na wa Uingereza waliopewa kazi ya kunakili umbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza wakashinda. Kwa kukunja waya, Wazambia wakashinda. Kwa udongo wa mfinyanzi, ngoma droo.

Aliyekulia huku hashangai. Tukiwa wadogo gari la kununua hatulijui. Unaokota waya, unakunja bodi, usukani mrefu, matairi ya kandambili. Mimi nilitengeneza semi treila yenye kona inayokata. Darasani nilikuwa wa 38 kati ya 41.

#16 Senene_Mkavu
Wale watatu wa nyuma yako walitengeneza nini?

#17 Waya_wa_Tunduma
Mmoja ana gereji, mimi ni mteja wake. Wawili sijui.

#18 Mkenya_Mtulivu
Majirani, hamjambo. Naona hakuna aliyegusa kisa cha Embu, na ndicho kinachovunja ile ramani. Watoto wa shule za vijijini Embu walipimwa mwaka 1984 kwa yale maumbo ya rangi ya Raven, kipimo cha jamii ya kile cha Bint. Mwaka 1998 wakapimwa wengine wa rika lilelile, sehemu ileile. Wa pili waliwazidi wa kwanza kwa pointi kama 26. Miaka 14 tu! Hakuna urithi unaobadilika kwa kasi hiyo, hata kama Waembu wote wangeoana na maprofesa.

Waandishi walitaja wazazi waliosoma zaidi, chakula na afya bora, familia zilizopungua idadi ya watoto. Sababu ipi ilibeba mzigo mkubwa, bado ni ubishi.

#19 Ukweli_Mchungu
Hiyo inaitwa athari ya Flynn, kutokana na James Flynn wa New Zealand, na hakuna anayeikataa. Ila kupanda kwa alama si lazima kuwe kupanda kwa akili. Labda watoto wamezoea tu maumbo.

#20 Bint_Mtoni
@Ukweli_Mchungu hapo umejifunga mwenyewe kaka. Kama alama inaweza kupanda bila akili kupanda, basi inaweza kuwa chini bila akili kuwa chini. Tunarudi kwa binamu.

#21 Mbeba_Maboksi_Utrecht
😂 Bao la dakika za majeruhi.

Hapa nilipo, vijana waliokwenda jeshini mwaka 1982 waliwazidi wa 1952 kwa pointi 20 kwenye maumbo hayohayo. Kwa vigezo vya watoto wao, baba zao wangekuwa na 80. Na ndio hao waliokuwa wakijenga mabwawa ya kuzuia bahari. Ila msidhani mstari unapanda tu. Norwei umeshuka kwa wanaume waliozaliwa baada ya katikati ya miaka ya 1970, na watafiti Bratsberg na Rogeberg (2018) waliona kushuka huko hata kati ya ndugu wa familia moja. Ndugu wana wazazi walewale, kwa hiyo wale wanaosingizia wageni au mbegu wakakosa pa kushika.

#22 Mahindi_Njombe
Mimi si msomi, mimi ni mkulima. Ila hili la asilimia 70 ya urithi nalielewa kwa shamba. Chukua mfuko mmoja wa mbegu zilizochanganyika. Nusu panda bondeni kwenye mbolea na maji, nusu panda kilimani kwenye kokoto. Bondeni mahindi yatapishana urefu, na kwa kuwa udongo ni mmoja, kupishana huko ni kwa mbegu. Kilimani vilevile, yatapishana kwa mbegu. Lakini bonde zima kuuzidi mlima, hilo ni la udongo, mbegu zilitoka mfuko mmoja.

#23 Mwl_Hesabu
Mzee umemaliza somo la muhula mzima. Kuna mwanabiolojia wa Marekani, Richard Lewontin, alitumia mfano kama huo mwaka 1970. Wewe umeutoa shambani.

#24 Ukweli_Mchungu
Mfano mzuri, nakubali. Lakini mfano unaonyesha kinachowezekana, hauthibitishi kilichotokea. Mfuko ukiwa mmoja ni udongo. Ukiwa miwili je? Hilo halijajibiwa na mahindi.

#25 Mahindi_Njombe
Sawa kijana, ila anayedai mifuko ni miwili ndiye mwenye kuleta mfuko wa pili tuuone. Na kwanza asawazishe shamba.

#26 Muuguzi_wa_Zamu
Mkisema udongo, mimi nausikia kihalisia. Nimefanya kazi Nyanda za Juu Kusini. Udongo wa milimani umeoshwa madini joto na mvua za karne na karne, ndiyo maana wazee wengi wa huko wana rovu, ule uvimbe wa shingoni. Mama akikosa madini joto akiwa mjamzito, ubongo wa mtoto unaumia kabla hajazaliwa. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kuanzia 1986 mpaka katikati ya miaka ya 90, halafu ikaja chumvi tunayotumia sasa. Kuna wachumi waliochapisha mwaka 2009 kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge walisoma zaidi kwa kama theluthi moja ya mwaka, hasa wasichana.

Ongeza minyoo. Ongeza malaria ya kupanda kichwani. Ongeza mtoto asiyeona ubao na hakuna aliyempima macho. Mwaka jana tulimpima mmoja aliyeitwa "zezeta" na darasa zima. Miwani tu. Mama yake alikaa chini sakafuni, hakusema neno.

#27 Mbeba_Maboksi_Utrecht
Dada, shukrani. Angalizo dogo: kuna waliorudia hesabu za utafiti huo wa vidonge na hawakupata matokeo yenye nguvu ileile. Na ulipima miaka ya shule, haukupima IQ. Madhara ya kukosa madini joto kabisa hayo hayana ubishi.

#28 Senene_Mkavu
Tuachane na Wazungu. Hapa nchini kila mtu anajua ramani ya akili inaanzia Bukoba. Nshomile!

#29 Mbege_Baridi
Ninyi akili zenu ni za kujisifia. Kilimanjaro ndiko vichwa vilipo, angalia maduka.

#30 Mzee_wa_Kumbukumbu
Watani, mkumbuke kahawa. Kagera na Kilimanjaro vilipata mapema misheni, shule na zao la biashara la kulipia ada. Wachaga walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu 1933. Mkoa uliopata shule miaka 50 baadaye, watu wake wanaitwa wazito. Makosa yaleyale ya ile ramani, tena tunayafanya sisi kwa sisi tunacheka.

Na kwa kuwa jirani yetu wa Kenya yuko humu: Nairobi miaka ya 1930 kulikuwa na madaktari wa kikoloni walioamini kabisa jambo hili. F. W. Vint alichunguza bongo za Waafrika waliofariki, akachapisha mwaka 1934 kwamba ubongo wa Mkenya mweusi haujakomaa kama wa Mzungu. H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alihubiri kwamba elimu ya Kizungu inaweza kumvuruga Mwafrika akili. Mwaka 1933 wakaunda na chama chao cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Hayo yalisemwa wakati swali la mezani lilikuwa pesa: je, serikali ijenge shule za Waafrika au isijenge?

#31 Ukweli_Mchungu
Mzee, heshima yako, lakini uovu wa Gordon haujibu swali la leo. Mtu mbaya anaweza kuuliza swali halali.

#32 Mzee_wa_Kumbukumbu
Anaweza, kijana. Mimi huangalia nani analipia jibu.

#33 Jaluo_wa_Ziwani
Mnasema akili akili, akili ipi? Kijaluo tuna *rieko*, ujuzi na maarifa. Tuna *luoro*, heshima. *Winjo*, kusikia na kuelewa unachoambiwa. *Paro*, fikra za kuanzisha jambo. Mtu mzima akisifiwa kijijini vyote vinahesabiwa. Shule inapima kipande cha rieko tu.

Walikuja kina Sternberg haohao upande wetu, Usenge, wakawapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 kuhusu dawa za mitishamba: mti upi kwa tumbo, upi kwa homa, kiasi gani. Waliojua dawa sana walielekea kupata kidogo kwenye msamiati wa shule. Mtoto ana siku moja tu. Akiwa na bibi msituni, hayuko na kamusi.

#34 Waya_wa_Tunduma
Naongezea. Serpell aliwauliza wazee wa Kichewa mtoto mwenye akili ni yupi. Jibu lilizunguka kwenye kutumwa: ni yupi utamtuma ukiwa na jambo la maana, akaenda, akaelewa, akarudi na ulichotaka. Kina mama zetu si ndivyo wanavyosema, "huyu anatumika"?

#35 Wakili_Msomi_wa_Kinondoni
Tahadhari kidogo. Kila kitu tukikiita akili, neno litakosa kazi. Utiifu ni utiifu. Vipimo hivi, pamoja na dhambi zake, vinabashiri vizuri tu nani atafaulu shule na kazi nyingi za ofisini, na hospitali zinavitumia kwa watu waliopata kiharusi. Kuvikataa kabisa nako ni hasira. Vinaweza kufaa ndani ya watu wanaofanana malezi na vikakosea kati ya wasiofanana.

#36 Kashata_Tamu
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tufunge uzi.

#37 Babu_Loliondo_Siyo
Mimi nina upara tangu 2009. Unataka kusema nini?

#38 Baharia_Mstaafu
Waje Unguja tuwapime kwa bao. Mashimo 32, kete 64, na wazee wanaona mitaji minne mbele bila kugusa kete. Karani wa London apewe dakika 20. Kisha tupake ramani.

#39 Mwl_Hesabu
Kabla hatujapaka, jaribio la mwisho. Mwaka 1931 na 1932 Mrusi Alexander Luria aliwaendea wakulima wa Uzbekistan. Akawaambia: kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, na Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Dubu wa huko wana rangi gani? Ambao hawakusoma wengi walijibu: sijafika huko, muulize aliyefika. Wapo walioona ni upungufu wa mantiki. Wapo walioona ni uadilifu wa kutosema usichokiona. Mwenye bibi kijijini amuulize, atuletee jibu.

#40 Kitwana_wa_Pangani
Mimi niko nyumbani wikiendi hii, mama ana miaka 74, hakusoma. Nasogea jikoni.

#41 Senene_Mkavu
Nimekaa paleee.

#42 Kitwana_wa_Pangani
Nimerudi. Kwanza kauliza dubu ni nini, nikamwonyesha picha kwenye simu. Nikasoma swali mara mbili. Akaacha kukuna nazi, akaniangalia hivi.

"Si umeshasema wote weupe? Sasa unaniuliza mimi au unajiuliza mwenyewe?"

Nikamwambia Mrusi ndiye aliyeuliza. Akasema, "Huyo Mrusi hana wazazi wa kumwangalia?"

#43 Bint_Mtoni
😂😂😂 Mama yetu kapata ngapi, Mwalimu?

#44 Mwl_Hesabu
Jibu sahihi. Ila hana adabu kwa msimamizi wa mtihani.

#45 Ukweli_Mchungu
Mtu mmoja si takwimu. (Lakini nimecheka.)

#46 Kitwana_wa_Pangani
Wakuu nitawajibu wote usiku. Kaniambia nikimaliza na dubu wangu niende kwa Mwanaidi nikalete nazi mbili, zilizokomaa, na nisikae kuongea. Niko njiani.